Mchu wa Qurum na mikoko ya Zanzibar: namna msitu unavyopata miti yake

Qurum ni mtaa unaojulikana na kila mkaazi wa Maskati. Jina lake limetokana na neno la Kiarabu qurm, yaani miti inayoota katika matope ya maji ya chumvi. Msitu wenyewe bado upo, pale Wadi Aday inapomimina maji yake baharini. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya kimataifa ya maeneo ya majimaji yenye umuhimu. Ukubwa wake ni hekta 106 hivi.

Mtu aliyekulia Unguja au Pemba akiutazama msitu huo kwa makini ataona jambo moja la ajabu. Miti yote ni ya aina moja. Kwenye hori za Chwaka, Kisiwa Panza au Micheweni atakuta aina nyingi zimechanganyika, na katika pwani nzima ya Zanzibar na Tanganyika zipo aina kumi hivi. Bahari ni hiyo hiyo ya Hindi, na majahazi yalikwenda na kurudi baina ya pande hizi mbili kwa karne nyingi. Kwa nini basi huku mti mmoja na kule kumi?

Swali hili husikika sana majumbani mwetu, na mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: jangwa. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Makala hii inaeleza namna elimu ya mazingira inavyolijibu, kwa sababu jibu lake linahusu pia miti tunayoipanda leo na misitu tunayoweza kuipoteza.

Kwanza majina

Sisi waswahili tuna desturi ya kuita miti yote ya aina hii mikoko. Wavuvi na wakata miti wanajua zaidi, kwani kila mti una jina lake na kazi yake:

Mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) ndio ule wenye mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina kama miguu ya buibui.

Mui, ambao wengine huuita msinzi (Bruguiera gymnorrhiza), una mizizi iliyokunjika kama magoti.

Mkandaa (Ceriops tagal) ni mti mdogo mgumu, na magome yake yalitumika sana kwa rangi na kutengenezea ngozi.

Mlilana, au mpia (Sonneratia alba), husimama mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi.

Mkomafi (Xylocarpus granatum) una tunda kubwa la mviringo, na hupenda upande wa maji baridi.

Mchu (Avicennia marina) una majani yenye rangi ya kijivu upande wa chini, na kuuzunguka kuna vijiti vingi vinavyochomoza matopeni kama penseli.

Mti wa Qurum ni huo wa mwisho. Kwa hiyo mzee anapomwambia mjukuu wake kwamba qurm maana yake ni mkoko, anasema kweli kwa lugha ya jumla. Kwa lugha ya mvuvi wa Chwaka, hata hivyo, pale Qurum hamna mkoko hata mmoja, kuna mchu mtupu. Jina la kitaalamu la mchu lina heshima yake pia. Neno Avicennia linatokana na jina la Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, ambaye Wazungu walimwita Avicenna.

Machekeche matatu

Wataalamu hutumia mfano wa chekeche kueleza kwa nini mahali fulani pana miti fulani na si mingine. Chukua miti yote ya ukanda mzima wa dunia, uipitishe katika machekeche matatu, moja baada ya jingine. Itakayobaki ndiyo itakayofanya msitu wa mahali hapo.

Chekeche la kwanza ni kufika: mbegu iweze kusafiri mpaka pale. La pili ni hali ya mahali: joto, baridi, chumvi, mvua, aina ya udongo. La tatu ni majirani: mti uweze kuishi pamoja na wengine bila ya kunyimwa mwanga na nafasi, na bila ya kumalizwa na wanyama.

Kinachoamua nani apite na nani azuiwe ni sifa za mti wenyewe. Sifa hapa ni kitu kinachoweza kuonekana au kupimwa, kama unene wa jani, urefu wa mbegu, upana wa mirija inayopandisha maji ndani ya shina, umbo la mizizi, uwezo wa kuchipua baada ya kukatwa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mti nao huishi kwa jani lake na mzizi wake.

Fikra ya kwamba viumbe hukusanyika mahali kwa kanuni, si kwa bahati tu, ina historia ndefu. Mjerumani Andreas Schimper aliandika juu yake kuhusu mimea mwishoni mwa karne ya 19, na miti ya mikoko ilikuwa miongoni mwa mifano yake mikubwa. Mwaka 1975 Mmarekani Jared Diamond aliandika juu ya kanuni za kukusanyika kwa kutazama ndege wa visiwa vya New Guinea. Tangu hapo elimu hii imeendelea sana. Kwetu sisi inatosha kuyapitia machekeche hayo matatu tukiwa na miti miwili tu mkononi, mkoko na mchu.

Chekeche la kwanza: safari ya mbegu

Mkoko ni hodari wa safari. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikarefuka kama fimbo ya kijani, kisha ikadondoka. Ikikuta tope hujichomeka, na ikikuta maji huelea. Inaweza kuelea kwa miezi na bado ikawa hai. Mbegu ya mchu ni ndogo, bapa, na nayo huanza kuota ndani ya ganda lake. Ikianguka majini ganda huvuka upesi, na haraka yake ni kushika udongo palipo karibu, wala si kwenda mbali.

Kwa hesabu ya safari peke yake, basi, tungetarajia mkoko ufike Omani kabla ya mchu. Mikondo ya kusi hupanda kaskazini kila mwaka kutoka pwani ya Afrika. Ni kweli kwamba baina ya Lamu na Omani pana pwani ndefu ya Somalia yenye hori chache za kupumzikia, lakini njia haikufungwa. Ushahidi upo ng'ambo ya bahari yetu. Katika pwani ya Irani, huko Sirik karibu na mlango wa Hormuz, mkoko unaota pamoja na mchu mpaka leo, ingawa eneo lake ni dogo. Mbegu, basi, zilifika kaskazini. Kilichouzuia mkoko Maskati tukitafute mbele zaidi.

Chekeche la pili: chumvi, ukame na baridi

Zanzibar hupata mvua ya milimita 1,600 hivi kwa mwaka, na Maskati 100 hivi. Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Miti ya mikoko huvumilia chumvi, lakini haiipendi kwa usawa. Mvua na mito huzimua maji ya matopeni. Pasipo na mvua, jua hukausha maji baada ya bahari kupwa, chumvi ikabaki udongoni, na siku baada ya siku maji yaliyomo ndani ya tope yanakuwa makali kuliko bahari yenyewe. Sehemu za nyuma, ambazo bahari huzifikia wakati wa bamvua tu, huwa nyeupe kwa chumvi. Ongeza juu yake joto la Maskati, ambalo kiangazi hupita nyuzi 45, na usiku wa Januari ambao ni wa baridi kuliko usiku wowote wa Unguja.

Sasa tazama mwili wa mchu. Mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie. Ile inayopenya hutolewa nje na vitezi vidogo vilivyomo majanini. Ukipitisha kidole juu ya jani asubuhi kisha ukakiramba, utaonja chumvi. Upande wa chini wa jani una vinyweleo vinavyopunguza upotevu wa maji. Ndani ya shina, mirija ya kupandishia maji ni myembamba na mingi. Mirija mipana hupandisha maji mengi, lakini maji yakiwa makali na hewa ikiwa kavu huingia mapovu ya hewa, mrija ukakatika kama bomba lililoingia hewa. Mirija myembamba hupandisha kidogo kidogo, lakini haikatiki upesi, wala haiharibiki upesi kwa baridi.

Mkoko nao huzuia chumvi mizizini, tena kwa ustadi, lakini hauna vitezi vya kuitoa kupitia majani. Hauna njia ya dharura. Penye mvua na mito hasara hiyo haionekani. Katika hori ya Omani ndiyo inayoamua.

Bei ya uvumilivu huo inaonekana kwa macho. Mti unaotumia nguvu nyingi kupambana na chumvi hukua polepole na hubaki mfupi. Mchu wa Qurum ni mti wa mita chache tu, na kwingineko penye maji baridi mchu huo huo huwa mrefu mara mbili na zaidi. Ni mti ule ule, lakini mahali pameukunja.

Chekeche la tatu: majirani

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hili. Mchu umo Zanzibar pia, na umo Mombasa na Lamu. Ikiwa ni hodari kiasi hicho, kwa nini kule haukutawala?

Jibu ni kwamba hodari wa shida si lazima awe hodari wa neema. Katika matope mazuri mkoko, mui na mkandaa hukua wakasongamana na kutia kivuli. Mche wa mchu hauvumilii kivuli. Basi mchu huonekana zaidi pembeni. Katika hori ya Gazi, kusini ya Mombasa, watafiti wameuona mchu umesimama mistari miwili, mmoja upande wa bahari na mwingine nyuma kabisa upande wa nchi kavu penye chumvi kali, na katikati wamekaa wengine. Anayetembea kutoka bahari kuingia ndani, kwa kawaida hukuta mlilana mbele, kisha mkoko, halafu mui na mkandaa, na nyuma tena mchu. Palipo na maji baridi ndipo mkomafi.

Pale Qurum mchu hauna mshindani. Umeichukua hori yote, mbele na nyuma. Kwa hivyo msitu wa mti mmoja si lazima uwe msitu ulioharibika. Unaweza kuwa msitu mzima wa mahali pagumu, ambapo chekeche la pili lilikuwa jembamba sana kiasi cha kulifanya la tatu lisiwe na kazi.

Pana mnyama wa kuhesabiwa pia, na binadamu pamoja naye. Ngamia hula majani ya mchu, na watu walikata kuni. Mchu ukikatwa huchipua tena. Mkoko mkubwa ukikatwa shina hauchipui, unakufa. Sifa hiyo moja inatosha kuuondoa mkoko katika hori ndogo yenye watu na mifugo kwa muda mrefu. Na watu walikuwapo Qurum tangu zamani. Kwenye rasi ya Ras al-Hamra, jirani na hori hii, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta malundo ya makombe ya wavuvi walioishi hapo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, yakiwemo makombe ya konokono wakubwa wa mikokoni.

Mti wa kuishi na mti wa kujengea

Sifa za miti hii ziliandika pia sehemu ya historia yetu. Mkoko na mui, kwa kuwa hukua wima wakisongamana kutafuta mwanga, hutoa miti mirefu, iliyonyooka, migumu, isiyoliwa upesi na mchwa. Hizo ndizo boriti. Mchu hutoa matawi yaliyopinda. Ulifaa kwa kuni na kwa mataruma ya vyombo, lakini haukufaa kuezekea nyumba.

Ndiyo maana mtu wa Maskati au Sur, aliyekuwa na msitu karibu na mlango wake, alileta boriti kutoka Lamu na Rufiji. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kabisa wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakapanda na kusi yakiwa na boriti. Makarani waliziandika kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Katika nchi za Ghuba mti huo ulijulikana kwa jina la chandal. Upana wa chumba cha nyumba ya zamani, Zanzibar na Omani, ulifuata urefu wa boriti, na hivyo vyumba vingi vilikuwa virefu lakini vyembamba. Biashara hiyo ilipungua saruji na chuma zilipoenea, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi.

Kwa ufupi, kile kile kilichouwezesha mchu kuishi Maskati kiliufanya usifae kuwa paa, na kilichoufanya mkoko ufae kuwa paa kiliuzuia usiishi hapa.

Mlimani na Dhofar

Machekeche haya hayako kwenye hori tu. Ukipanda Jabal Akhdar utaona miti ikibadilika kwa kimo. Chini kuna migunga yenye miiba. Juu zaidi inakuja mizeituni ya mwitu na mti wa but, ambao matunda yake madogo meusi huuzwa Nizwa. Juu kabisa, kupita mita 2,000, ipo mireteni, jamaa ya mtarakwa wa Kenya na Usambara. Majani yake ni kama magamba madogo yaliyobana, yanayostahimili baridi na upepo mkavu. Katika mipaka yake ya chini mireteni mingi imedhoofika, na miche michanga ni haba.

Mfano wa Dhofar ni wa kufikirisha zaidi. Kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba, wakati wa kharifu, ukungu wa bahari hufunika milima ya Salalah. Miti inayotawala huko ni Terminalia dhofarica, isiyoota popote isipokuwa Dhofar na upande wa pili wa mpaka, Yemeni ya mashariki. Ni jamaa ya mkungu wetu, ule ambao watu wa hapa huuita bidam. Majani yake hukamata ukungu, matone yakadondoka chini, na udongo ukapata maji kuliko yale ya mvua peke yake. Kiangazi kikija mti hupukutisha majani na kungoja.

Mwaka 2006 watafiti Anke Hildebrandt na Elfatih Eltahir walieleza maana ya jambo hilo: msitu wa Dhofar hujitengenezea wenyewe sehemu ya mazingira yake. Matawi ndiyo yanayovuna maji. Ikiwa miti itakatwa, au ngamia na ng'ombe wataimaliza, nyasi fupi zitakazobaki haziwezi kuvuna ukungu kama miti, na mche mpya hautapata maji ya kuanzia. Yaani chekeche la pili, ambalo tulilizoea kuwa ni kazi ya mbingu na ardhi, hapa limeshikiliwa na miti yenyewe. Ukiiondoa umelibana, na msitu huenda usirudi hata mvua ikinyesha kama zamani.

Yanayotuhusu sisi

Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 Omani, kwa msaada wa Wajapani, imekuwa ikiotesha miche ya mchu Qurum na kuipanda katika hori mbalimbali za pwani. Shule na familia nyingi zimeshiriki, na pengine watoto wa msomaji ni miongoni mwao. Elimu ya machekeche inatupa mambo manne ya kukumbuka.

Kwanza, mti wa hapa ni mchu. Kuleta mbegu za mkoko kutoka Zanzibar mfukoni, kwa mapenzi ya nyumbani, si jambo la kufanya. Sheria za kuingiza mimea zipo kwa sababu, na mti wenyewe utakutana na chumvi ambayo mwili wake haukujiandaa nayo.

Pili, mahali ni muhimu kuliko idadi ya miche. Mchu unataka tope linalofikiwa na maji na kuachwa na maji. Ukipandwa pa chini mno hufa maji kwa sababu vijiti vyake vya kupumulia havipati hewa, na ukipandwa pa juu mno huunguzwa na chumvi.

Tatu, hori ibaki wazi. Mlango wake ukizibwa na mchanga, barabara au kifusi, bamvua haiingii, na msitu mzima unaweza kufa ukiwa umesimama bila ya mtu kukata tawi. Mafuriko makubwa nayo, kama yale ya kimbunga Gonu mwezi wa Juni 2007 yaliyoikumba Qurum, huleta mchanga na takataka zinazofukia vijiti hivyo.

Nne, msitu wa aina moja hauna akiba. Zanzibar ugonjwa au mdudu akiushambulia mchu, mkoko na mkandaa zitabaki kuushika ufukwe, kuhifadhi samaki na kaa. Qurum hakuna wa kushika zamu. Mchu ukiondoka, baada yake ni tope tupu, na nyuma ya tope ni nyumba zetu.